Barua ya wazi kwa kituo kilonikata maneno: bandari haikuuzwa, na mimi sikusema imeuzwa

KWA: Mhariri Mkuu, Mkuu wa Vipindi na Wakurugenzi wote wa kituo (jina nalihifadhi makusudi, wenyewe mwajijua)

KUTOKA KWA: Karani mstaafu wa kliaringi (kazi ya kuwatolea watu mizigo bandarini), Changamwe, Mombasa

MINTARAFU: ILE DOKUMENTARI YENU ILODAI BANDARI YETU YA MOMBASA (KILINDINI) IMEUZWA KWA CHINA KWA SABABU YA DENI LA RELI

Waheshimiwa,

Salamu kwanza, manake sikulelewa kuanza na ugomvi. Mimi ni yule mzee wa kofia nyeupe anayetokea kama dakika ya 14 kwenye filamu yenu, nimekaa chini ya mkungu, nasema "bandari imeuzwa", alafu ngoma zapigwa kama za sinema ya mashetani na ramani ya Kenya yageuka nyekundu kuanzia Kilindini mpaka Busia. Ndiyo huyo. Kama mmenisahau basi wapiga picha wenu hawajasahau mahamri na mbaazi za mke wangu, walikula vizuri alhamdulillahi.

Barua hii ni ya nne. Ya kwanza nilileta kwa mkono nikapigiwa muhuri hapo mapokezi. Ya pili na ya tatu niliandikiwa na mjukuu kwa imeli. Simu nimepiga mpaka yule binti wa mapokezi akawa aniita babu, na jibu ni lilelile, "utapigiwa". Sijapigiwa. Sasa nimeamua kila mtu aisome, na naomba mnisamehe kwa hilo lakini nyinyi ndo mlonifikisha hapa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. MANENO YANGU MMEYAKATA

Mlinihoji karibu saa nzima. Nilichosema, na kijana wangu alikuwa amekaa pale asikia, ni hivi: "Mtu akiisoma ile barua ya mkaguzi haraka haraka atasema bandari imeuzwa, lakini mkataba wenyewe hausemi hivo." (Barua hiyo ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu na mkataba wa mkopo wa reli nitavieleza huko chini.) Nyinyi mkachukua maneno mawili katikati. Mawili tu! Mbele mkakata na nyuma mkakata, kama mtu anayekula samaki akaacha kichwa na mkia, tofauti ni kuwa samaki akikatwa hivo bado ni samaki.

2. PICHA NA "HATI YA SIRI"

Nimefanya kazi ya kliaringi miaka 31. Zile kreni mlizoonyesha wakati msimulizi asema "hapa ndipo uhuru wetu ulipokufa" si za Kilindini. Sijui ni za wapi, lakini Kilindini naijua nikiwa nimefumba macho na pale sipo. Na ile hati ya siri iliyopita skrini kwa sekunde tatu ikiwa imefifishwa, nilimwambia mjukuu aisimamishe hapo hapo tuitazame, wallahi nilicheka mpaka nikakohoa. Ile ni DO. Ni karatasi ya kutolea kontena tu, nimejaza maelfu yake. Ndiyo ushahidi wenu kuwa taifa limeuzwa, karatasi ya mtu kwenda kuchukua mzigo wake?

Na yule shahidi mlomficha uso mkambadilisha sauti akawa kama yuwaongea ndani ya pipa, alisema "kila mtu bandarini yuwajua". Kila mtu nani? Hakutaja tarehe, hakutaja karatasi hata moja, wala hakusema yeye mwenyewe aliona nini. Namuheshimu mtu anayejificha kwa sababu ana siri ya kweli ambayo yaweza kumponza. Huyu hakuwa na siri, alikuwa na yale yale ya maskani.

3. BANDARI HAIKUWEKWA REHANI

Hapa mnivumilie, ndipo penyewe.

Mwezi wa tano 2014 serikali ilitia saini mikopo miwili na benki ya Exim ya China ya kujengea reli ya SGR kutoka Mombasa mpaka Nairobi, kama dola bilioni 1.6 kila mmoja. Reli ikafunguliwa 31 Mei 2017. Mikataba ikafichwa. Mwishoni mwa 2018 ikavuja barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu ikisema mali za Halmashauri ya Bandari ziko hatarini kwa sababu eti Halmashauri imetajwa kama mkopaji na kinga ya dola (yaani kinga ya serikali kutoshtakiwa wala kukamatiwa mali) imeondolewa. Nchi ikawaka moto. Rais wa wakati ule akasema ni propaganda, China nayo ikakanusha, na sisi huku chini tukabaki twaangaliana manake karatasi yenyewe hakuna aliyeiona.

Alafu watu wakafanya kazi. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walienda mahakamani kudai mikataba iwekwe wazi, na mwezi wa tano 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikawapa haki. Mwaka huo huo wasomi wa chuo cha Johns Hopkins cha Marekani wakatoa utafiti wao wakaeleza kwamba barua ya mkaguzi iliisoma mikataba vibaya: mkopaji ni Hazina ya serikali, bandari si dhamana. Na mwezi wa kumi na moja 2022 Murkomen, Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, akatoa mikataba ya mkopo hadharani, mtu yeyote mwenye bando aweza kuisoma.

Filamu yenu mmeitoa mwaka jana. Mwaka jana jamani! Karatasi ziko nje tangu 2022. Hamkufungua hata moja, na najua hamkufungua kwa sababu kijana wenu aliponiuliza "mzee, una kopi ya ule mkataba wa siri?" nilimwambia si siri tena mwanangu, uko kwenye simu yako hapo, akacheka akadhani namfanyia mzaha.

Ile habari ya kinga kuondolewa ni kweli imo. Lakini mkopeshaji gani wa kimataifa akukopesha bila kuweka kipengele kama hicho? Mwezi mmoja tu baada ya mikopo ya SGR, Juni 2014, tulikopa dola bilioni mbili za Eurobond, zile hati za mkopo zinazouzwa ng'ambo, chini ya sheria ya Uingereza. Sikuona ramani ikigeuka nyekundu kwa Waingereza. Mwanasheria akinikosoa hapa nitakubali, mimi ni karani, lakini mngemuuliza hata mwanasheria mmoja. Dakika 52 za filamu na hamna wakili hata wa kusingiziwa.

4. SRI LANKA NA ENTEBBE

Mmezitumia kututisha. Bandari ya Hambantota huko Sri Lanka kweli ilikodishwa miaka 99 mwaka 2017, kwa dola bilioni 1.12, na kampuni ya China. Lakini nyinyi mmesema China ilinyang'anya bandari kwa deni lisilolipwa, na hivo sivyo ilivyokuwa, manake zile pesa hazikufuta deni la bandari, deni lilibaki palepale na serikali ya Sri Lanka ikaendelea kudaiwa. Walikodisha kwa sababu walikuwa wanatafuta dola za kulipa wadai wengine. Kisa hicho chatosha kuwa kibaya hivo kilivyo, kwa nini mkipake rangi?

Na Entebbe, uwanja wa ndege wa Uganda, mmesema "ilichukuliwa". Nendeni mkapande ndege pale muone ni nani anayewapigia muhuri. Mkopo wa China upo, wa mwaka 2015, dola milioni 207, una masharti mazito ya mapato ya uwanja kupitia akaunti maalum, na mkataba ulipotolewa nje 2022 ikaonekana uwanja wenyewe si dhamana.

5. MLICHOACHA, NA HAPA NDIPO ROHO YANIUMA

Waheshimiwa, msinidhanie kuwa nimekuja kutetea Wachina ama serikali. Mimi niliandamana. Nina miaka zaidi ya sitini na nilitembea juani na vijana siku za Jumatatu mwaka 2019, nikala vumbi la gesi ya machozi. Mwajua kwa nini? Kwa sababu mwezi wa nane 2019 lilitoka tangazo la bandari na mamlaka ya ushuru kuwa mizigo yote ya Nairobi na ya bara ipande reli, ikalipiwe ushuru na kutolewa Embakasi, kwenye bandari kavu ya Nairobi. Maana yake wakati ule mwenye mzigo hakuwa na hiari. Alipe reli, kisha atafute lori jengine la kumtolea kontena Embakasi mpaka kwenye godauni lake, kisha alirudishe tupu. Kliaringi ya hapa ikapata pigo, madereva na mataniboi wakakaa, Mariakani na Mtito Andei kwa mama wa chapati kukawa kimya. Ofisi nilokuwa nafanya kazi tulikuwa watu kumi na wawili, tukabaki watatu, nami si katika wale watatu. Kustaafu kwangu ndo kulikuwa huko, mtu akiuliza mimi husema nilistaafu.

Na kwa nini mizigo ililazimishwa? Kwa sababu Halmashauri ya Bandari iliahidi kuipa reli kiasi fulani cha shehena kila mwaka, na kikipungua, ilipe yenyewe kutoka mapato yake ili deni lilipike. Hilo lipo, na hilo ndilo kubwa! Ngoja niwaeleze kwa lugha ya shamba: hakuna mtu alochukua shamba lako, hati iko kabatini kwako, lakini umesaini kuwa kila msimu utakodi punda wa jirani kubeba nazi zako, na ukiwa na nazi chache utalipia punda mzima vilevile. Shamba lako. Lakini mwenye kuamua nazi ziende vipi si wewe tena.

Hiyo si habari ya uhuru wa nchi? Mbona hamkuisema hata kwa dakika moja? Na kuwa ugomvi ukitokea wasuluhishi wako Beijing na sheria itakayotumika ni ya China, hiyo imeandikwa mle mle kwenye mikataba, hamkuhitaji shahidi wa ndani ya pipa. Na kipengele cha usiri, kuwa masharti yasitolewe bila ridhaa ya mkopeshaji, yaani Mkenya akatazwe kusoma deni atakalolipa yeye na wanawe. Mimi hilo laniuma kuliko bendera yoyote mlochora na kompyuta mkaipandisha juu ya Fort Jesus.

Na mkitaka bendera juu ya Fort Jesus, kisa cha kweli kipo. Ukanda wa maili kumi wa Pwani hii Sultani wa Zanzibar aliuachia Waingereza wauendeshe kwa malipo ya kila mwaka, mkataba ni wa Disemba 1895, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea pale hadi 1963. Babu zetu hawakuulizwa 1895. Watu wa Pwani twajua sana nchi kuandikwa kwenye karatasi ambazo wenyewe hawakuziona. Mlikuja mpaka mlangoni kwangu na hamkumuuliza mzee yeyote hilo, mkaenda kupiga picha kreni za nchi ya watu.

6. HASARA

Yangu mwenyewe ni ndogo. Vijana wa maskani waniita "Mzee Imeuzwa", nimezoea. Kijana wangu ni kibarua bandarini, aliitwa akaulizwa baba yako alitoa wapi habari zile, akarudi nyumbani kimya siku mbili.

Kubwa ni hii. Sisi wazee wa kliaringi tulikuwa na barua yetu kuhusu gharama za Embakasi na mizigo inayokwama, tumeiandika miezi, na risiti tumeambatanisha. Tulipoipeleka kwenye ofisi moja (sitaitaja) yule bwana akanitazama, akanitambua, akaisogeza barua pembeni kwa kidole akasema, "Aa, nyinyi ndo wale wa filamu." Mkutano ukaisha hapo. Risiti zote zile! Mwenye kosa hakuguswa na filamu yenu, mmempa ngao, manake sasa yeyote anayeuliza swali la kweli kuhusu bandari awekwa kapu moja na wale wanaosema China imeshapandisha bendera.

Sasa najua mtasema nini, nimesikia kidogo kwa wafanyakazi wenu na mengine nakisia.

Mtasema "kituo chetu ni kidogo, bajeti haikuwepo". Nakubali kuwa pesa hakuna, niliona kamera yenu imefungwa kwa selotepu. Lakini kusoma mkataba ulotolewa bure ni bei gani? Julai 2024 Nelson Amenya, mwanafunzi alokuwa Ufaransa, alitoa karatasi za mpango wa Adani, kampuni ya India, kuendesha uwanja wa ndege wa JKIA wa Nairobi miaka 30, hakuwa na droni wala ngoma, alikuwa na karatasi, na tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Rais akasimama Bungeni akaufuta. Najua kesi ya rushwa ya Marekani dhidi ya Adani nayo ilisukuma. Lakini bila zile karatasi nchi ingeamka lini?

Mtasema "sisi tuliuliza tu maswali". Hapana bwana. Swali huwa na alama ya kuuliza, na mtu akiuliza husubiri ajibiwe. Nyinyi mlipouliza mkapiga ngoma.

Mtasema "serikali ndiyo iliyoficha, mwafaa kuilaumu yenyewe". Hili nalikubali nusu. Kama mikataba ingekuwa wazi 2014 kusingekuwa na barua ya kuvuja wala uvumi, na wale waloificha wana dhambi yao na siwaachii. Mngetoa filamu hii 2019 ningewasamehe kabisa, hata mimi wakati ule niliamini nusu yake. Lakini karatasi zilishapatikana, na zilipatikana kwa jasho la watu mahakamani, na nyinyi mkafanya kama hazipo kwa sababu zilikuwa hazitishi vya kutosha.

Na wa mwisho atasema mzee amelipwa. Njooni muone paa langu.

NINACHOOMBA

(a) Ile sehemu yangu irushwe yote, kuanzia nilipoanza sentensi mpaka nilipomaliza, saa ileile ya Jumapili usiku mlorusha filamu. Kama haiwezekani, nitoeni kabisa, na zile klipu zinazozunguka WhatsApp mziandikie kanusho kwenye kurasa zenu.

(b) Mseme wazi kuwa ile hati ni DO na zile kreni si zetu. Hili ni sentensi mbili tu.

(c) Mtoe kipindi kimoja, hata cha nusu saa, kuhusu yale yalomo ndani ya mikataba: ahadi ya shehena, usuluhishi wa Beijing, usiri. Nitawaletea wazee wanne wenye risiti zao na mtawahoji bure. Mke wangu amesema mahamri yatakuwepo lakini safari hii mtakula baada ya kazi.

(d) Mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 21.

Siku hizo zikipita kimya nitakwenda kwenye Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari, fomu nimeshachukua. Katiba kifungu cha 35 yasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo ama ya kupotosha inayomhusu. Kifungu hichohicho, sehemu yake ya kwanza, ndicho kilichotumika kudai mikataba ya SGR itolewe. Sikukijua mpaka mjukuu aliponisomea, na sasa nakijua kwa moyo.

Nakala ya barua tatu za mwanzo ninazo, na muhuri wenu upo juu ya ile ya kwanza.

Ni mimi wenu, kwa heshima,

Karani mstaafu wa kliaringi
Changamwe, Mombasa